Nilikikataa Kisu cha Mzee Hobart Mbele za Watu

Mpendwa mshauri Bi Zella,

Naomba msaada wako, na naomba pia univumilie, kwa sababu nimejaribu mara tatu kuiandika barua hii kwa ufupi na kila mara nimejikuta nimeliacha jambo lililo kiini chake, labda kwa aibu, labda kwa mazoea ya mtu aliyefundisha shule miaka thelathini na minane na kuzoea kusahihisha makosa ya wengine.

Nina miaka sabini na minne, ninaishi na mke wangu Arvella katika kaunti hii hii inayosoma gazeti lako, huku milimani Kentucky, na tangu ujana wangu ninakusanya visu vya kukunja vya zamani, hasa vilivyotengenezwa katika kiwanda cha Stallard kilichokuwa ng'ambo ya mto mpaka kilipofungwa mwaka 1932, na unajua mwenyewe kwamba kwetu mwanamume asiye na kisu mfukoni huonekana kama hajamaliza kuvaa. Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi chama chetu cha visu hukutana katika ukumbi wa chini wa kanisa la Wamethodisti, watu huleta visu vyao, na mimi hukaa mezani nikavitambua: natazama mhuri uliogongwa kwenye shina la bapa pale linapoingia mpinini, natazama mfupa wa mpini ulivyochongwa, nafungua na kufunga nisikie springi inavyolia, kisha natamka ni cha kiwanda gani na cha miaka gani, na nikishatamka hakuna anayebisha, kwa sababu ni mimi niliyeandika kijitabu cha mihuri ya Stallard ambacho wakusanyaji wote, hata wa majimbo ya mbali, wanakitumia.

Katika kijitabu hicho niliandika kwamba kuanzia mwaka 1911 hadi 1920 mhuri wa Stallard ulikuwa wa upinde, yaani jina limepinda kama upinde wa mvua, na kwamba mhuri wa mstari ulionyooka ulikuja baadaye. Nilithibitisha hayo kwa visu kumi na kimoja, na vyote kumi na kimoja vilipita mikononi mwa shemeji yangu Dewitt, kaka yake Arvella, mtu ambaye tulisema ana pua ya visu. Alikuwa akija Jumapili baada ya ibada, anakula maharage na mkate wa mahindi, anajifuta midomo, kisha anaweka kisu mezani.

"Haya, Mwalimu. Sema na wewe."

"Umekipata wapi, shemeji?"

"Kwa bibi mmoja kule bondeni. Alikuwa anakatia kamba za maboksi. Wewe kazi yako kusoma, mimi kazi yangu kutafuta."

"Upinde tena. Hiki ni cha kabla ya mwaka ishirini."

"Ukishasema wewe nani abishe? Mimi najua kunoa tu."

Miaka tisa iliyopita Mzee Hobart, ambaye hakuwa mkusanyaji bali mchimba makaa aliyestaafu, alikuja chamani akiwa na kisu kimoja cha Stallard alichoachiwa na baba yake. Baba huyo alikuwa mnoaji kiwandani, na wenzake walimpa kisu hicho mwaka 1917, siku alipoondoka kwenda vitani Ufaransa. Mzee Hobart alikifungua, akanipa kwa mikono miwili, na ukumbi mzima ukageuka kunisikiliza.

"Mzee Hobart," nikamwambia, "mhuri huu ni wa mstari. Mwaka 1917 mhuri huu haukuwapo."

"Mimi sijui mambo ya mihuri, Mwalimu. Ninachojua, baba alikwenda nacho na akarudi nacho."

"Huenda alikinunua baadaye, au mtu alimpa cha bandia. Wazee hupenda kupamba masimulizi."

Mtu mmoja nyuma akasema, "Basi na vita yenyewe labda alipigana jikoni," na watu wakacheka, na mimi, Bi Zella, nilitabasamu. Kisha nikafanya jambo ambalo hata mtoto wa kwetu anajua halifanywi, maana kisu ukikabidhiwa kikiwa wazi unakirudisha kikiwa wazi, na anayekifungua ndiye anayekifunga. Mimi nilikifunga na kumsukumia mezani. Dewitt alikuwapo. Alimshika Mzee Hobart bega na kumwambia kwa upole, "Pole, mzee. Hata mimi nimeshawahi kuingizwa mjini." Mzee Hobart alikitia kisu mfukoni, akavaa kofia, na hakurudi tena chamani. Baadaye nilisikia kwamba alitaka kumwachia mjukuu wake kisu hicho, na mjukuu alikataa akisema hataki kurithi uongo.

Dewitt alifariki mwezi Februari. Mwezi Aprili mimi na Arvella tulikwenda kusafisha karakana yake, na nyuma ya pipa la makaa nikakuta kopo la mafuta ya nguruwe limefungwa kwa waya. Nilidhani ni misumari. Ndani yake mlikuwa na visu sita ambavyo havijakamilika, mabapa yake mapya kabisa, chupa ya dawa ya kuyachakaza yaonekane ya zamani, na kipande cha chuma cha kugongea mhuri, mhuri wa upinde, Bi Zella, ule ule wa kijitabu changu, kimechongwa kutoka kwenye keekee, chuma cha kutobolea cha mashine ya umeme ya siku hizi, na namba ya keekee bado inasomeka ubavuni. Niliketi sakafuni. Chini kabisa palikuwa na kijitabu changu, ukurasa wa kumi na nne umepigiwa mstari pale nilipoueleza upinde, na pembeni, kwa mwandiko wa shemeji yangu niliyemlisha kila Jumapili, pameandikwa kwa penseli: "Mwalimu kaimeza."

Kwa hiyo upinde haujawahi kuwapo duniani. Stallard hakugonga mhuri wowote isipokuwa wa mstari, kisu cha Mzee Hobart ni cha kweli, baba yake alisema kweli, na mimi nilimfanya aonekane mwongo mbele ya watu hamsini kwa ushahidi uliotengenezwa katika karakana ya shemeji yangu.

Tangu siku hiyo silali vizuri. Arvella anajua yote, kwa maana alikuwa amesimama kando yangu nikisoma. Jana aliniambia, "Ukimtoa kaka yangu kaburini kumwanika, na mimi nitoe nyumbani humu. Amekufa. Mwache." Mzee Hobart yuko katika nyumba ya wazee karibu na mahakama, ana miaka tisini na mmoja, na wanasema moyo wake umechoka. Nimewaza kukitupa kile chuma mtoni. Nimewaza pia kungoja, kisha kutoa toleo jipya la kijitabu na kuandika kwa adabu kwamba utafiti wa karibuni umerekebisha baadhi ya tarehe, bila kumtaja mtu. Je, hiyo haitoshi? Au kwa kusema sasa nitakuwa nimeivunja nyumba yangu na kumsumbua mgonjwa bure? Nishauri.

Mimi, Mwalimu Aliyeduwaa

*

Mwalimu,

Barua yako nilianza kuisoma nimeketi, nikaimalizia nimesimama. Nimeandika ukurasa huu miaka ishirini na sita. Nimesoma za wake waliokimbiwa na za ndugu waliogombania mipaka ya mashamba, na nilidhani nimezoea. Maneno mawili yale ya penseli yameniacha na kalamu mkononi, sijui nianzie wapi. Mtu kula mezani kwako, kumtazama dada yake usoni, kisha kwenda nyumbani kuandika hivyo. Pole sana. Nasema pole mara moja, na naisema kwa moyo wote, kwa sababu hutaisikia tena katika jibu hili.

Umedanganywa, hilo si kosa lako. Ulisahihisha mitihani ya watu kwa majibu uliyoletewa na mwizi wa mitihani, nawe hukujua. Lakini Dewitt hakukutuma umwambie mtu kwamba baba yake alipenda kupamba. Dewitt hakukushika mkono ukakifunga kisu cha mwenzako. Dewitt hakutabasamu kwa midomo yako. Hayo matatu ni yako, Mwalimu, na ungekuwa na hatia yake hata kama kisu kile kingekuwa cha bandia kweli. Mtu alikuletea kitu cha baba yake kwa mikono miwili, ukamjibu kwa kijitabu. Hukumuuliza hata swali moja. Mtoto wa mnoaji wa Stallard alikuwa amesimama mbele yako, pengine wa mwisho aliye hai katika kaunti hii, na wewe ukamfundisha habari za Stallard.

Jingine limenishtua kuliko kopo. Umeeleza kwa makini jinsi shemeji yako alivyojifuta midomo, lakini habari za mjukuu aliyekataa urithi umezitia mwishoni mwa aya kama kitu kilichoanguka njiani. Mzee huyo amekaa miaka tisa na kisu ambacho hakuna wa kukipokea. Hapo ndipo penye jambo lenyewe. Mihuri itangoja.

Toleo jipya la "utafiti wa karibuni" usithubutu kulitoa. Huo ni uongo uliovaa tai. Kungoja mpaka mtu afe ndipo umsafishe jina ni woga, nawe unajua, ndiyo maana umeniuliza kama inatosha. Haitoshi. Na chuma kile kisiende mtoni. Mtu akikiopoa kesho ataanza kazi pale Dewitt alipoishia, na wewe hutakuwa na cha kuwaonyesha watu.

Kuhusu Arvella. Amefiwa na kaka mara mbili: kwanza aliyekufa, kisha yule aliyedhani anamjua. Usimlaumu kwa maneno ya jana. Wala usimwombe ruhusa, kwa sababu utamfanya yeye awe ndiye aliyekuzuia, na hilo litakaa kati yenu mpaka mwisho. Mwambie siku na saa utakayokwenda, mwambie utasema alichokifanya Dewitt na hutaongeza tusi hata moja, kisha vaa koti. Akitaka kuja, mfungulie mlango wa gari. Asipotaka, usimwite mara ya pili. Kama atakuambia utoke nyumbani, toka, ulale kwa jirani, urudi asubuhi ugonge mlango. Mwanamke aliyeishi nawe miaka yote hiyo na mazoea yako ya kusahihisha watu hatashindwa kuishi nawe siku utakapojisahihisha mwenyewe.

Sasa sikiliza utakavyofanya. Nenda kwa Mzee Hobart asubuhi, wakati wazee wana nguvu. Kijitabu kiache nyumbani. Chukua chuma cha mhuri, lakini kikae mfukoni mpaka akuulize umejuaje. Usianze na upinde wala mwaka 1911. Sema: "Mzee, kisu chako ni cha kweli. Baba yako alisema kweli. Mimi nilikosea, na nilikosea mbele za watu." Kisha nyamaza. Najua kunyamaza ni kugumu kwa watu wa kazi yako. Usimwombe msamaha siku hiyo; mtu mwenye moyo uliochoka usimpe kazi ya kukufariji. Akikutukana, pokea. Akikupa kisu ukitazame, kitazame, na umrudishie kama alivyokupa.

Ukitoka hapo, mtafute mjukuu. Usimpigie simu. Nenda mpaka alipo, umwambie kwamba aliyekosea ni wewe, na babu yake anasubiri mtu wa kumkabidhi kitu.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi simama katika ukumbi ule ule. Yule aliyesema habari za kupigana jikoni namtaka awe amekaa mbele. Weka chuma mezani, soma kwa sauti yale maneno ya penseli, ndiyo, yasome, ueleze visu kumi na kimoja viko kwa nani. Kisha mwenzako mmoja akipige tupa kile chuma mbele ya wote mpaka mhuri usisomeke, na kibaki chamani kama ushahidi. Waandikie wote wenye kijitabu chako. Ukurasa wa kumi na nne ufutwe, na jina lako libaki juu ya marekebisho kama lilivyokuwa juu ya kosa. Na mezani pale akae mwingine mwaka mzima. Wewe kaa na wenye kuleta visu, ujifunze kuuliza.

Utaaibika. Nimeona watu wakiaibika katika kaunti hii na sijaona aliyekufa kwa hilo. Mzee Hobart ameaibika miaka tisa bila kosa, na bado anapumua.

Jambo la mwisho. Majina yote nimeyabadilisha, na la kiwanda pia, lakini sisi hapa tunajuana, na kuna mtu mmoja ambaye atajitambua hata ningemwita nani. Kwa sababu hiyo jibu hili nililituma kwako kwa posta wiki mbili kabla ya kulichapisha. Leo ni Alhamisi. Katika nyumba ile karibu na mahakama, baada ya chakula cha mchana muuguzi huwasomea wazee gazeti, na nimeambiwa huanza na ukurasa huu. Kama umekwisha kwenda, hujapoteza kitu kwa kunisoma tena. Kama hujakwenda, una muda mpaka sahani ziondolewe mezani.

Bi Zella