Matawi Njiani

Nachingwea, 9 Julai 1949

Kaka Mbaruku,

Salamu kwako na wote hapo Chiola. Nasikia ufuta wenu umekubali mwaka huu, nimefurahi. Sisi, tangu mke wangu afe kwa ndui na nyumba ikachomwa moto, tumewekwa kwenye mahema uwanjani, wazima na wagonjwa pamoja. Upepo ukivuma, nashika kamba kwa mikono.

Ijumaa moja mwezi uliopita nilikuja huko. Nilimbeba Mwanawetu mgongoni, hana hata kipele, nimwache kwako alale ndani ya nyumba. Nikakuta matawi yamelazwa njiani kuzuia watu wa huku. Niliitazama mikato. Hapo kijijini anayekata kwa mkono wa kushoto ni wewe tu. Mtoto akauliza, "Baba mkubwa amefunga njia?" Nikamjibu ni upepo umeangusha. Tukarudi.

Una watoto wako, najua. Lakini ungesimama hata kule mbali, ukaniambia kwa mdomo wako.

Ndui ilimkuta Mwanawetu humu hemani. Jana nimemzika. Yaondoeni matawi, kaka, mpite vizuri na mizigo yenu. Hakuna tena wa kuja.

Mdogo wako,
Swalehe