Doa Bado Lipo Pale

Kaka yangu mpendwa,

Pokea salamu zetu. Natumaini wewe, wifi na watoto hamjambo, na kwamba kile cheo kipya huko makao makuu kimekukaa vizuri. Sisi huku tunapumua, na hilo nalo ni la kushukuru.

Habari za shoga yake mama ulizipata. Hapa tunapofulia mashuka ya hospitali, mfuniko wa mashine ya mvuke ulimfyatukia, ukambabua uso na kifua. Alilia mchana kutwa ndipo akakata roho. Mama alikuwa ameshasema mpaka akachoka kwamba mfuniko ule umelegea. Kampuni ikatangaza kuwa marehemu alikuwa mzembe, nasi tukakatazwa kuzungumza kazini. Kuimba hatukukatazwa, maana kunaharakisha mikono. Basi mama akatunga:

Shuka nyeupe twafua, maji moto na sabuni,
Twaanika penye jua, twaikunja kabatini,
Kesho tukiifunua, larudi tena machoni,
Sugua dada sugua, doa bado lipo pale.

Meneja wetu, yule tunayemwita Povu, aliupenda wimbo huo kupita kiasi. Alisema hivyo ndivyo wanawake wachapakazi wanavyoimba. Akaurekodi kwa simu, akautuma huko kwenu ajisifu. Sisi tunamlilia marehemu mbele ya macho yake, yeye anapiga makofi.

Jumatatu akaja amevimba. Akatukusanya, akasoma maelezo yaliyotoka makao makuu: kwamba doa ni marehemu, maji moto ni mvuke uliomuua, na kina cha mwisho kimevunjwa makusudi, kwani mtunzi huyu neno lake zito huliweka pale vina vinapokataa. Kisha akamsimamisha mama mbele ya binti wa marehemu, akamwamuru aimbe upya, amalizie kwa "doa sasa limetoka". Mama akaimba vizuri mpaka ukingoni mwa maneno yale, akanyamaza. Povu akamrudisha mwanzo. Akanyamaza palepale. Mara ya tatu tukaimba naye wote, na wote tukakatiza pamoja, zikabaki mashine tu zikinguruma.

Alifukuzwa saa ileile, hata viatu vyake hakuruhusiwa kuvichukua. Akatoka peku juu ya lami ya moto. Nami nikaacha kazi, nikamfuata.

Njiani hakulalamika. Aliniuliza ni nani mwingine aliyefundishwa ile siri ya kina. Nikamjibu kuwa alitufundisha sisi wawili tu, jikoni, tukimenya viazi. Nikaanza kuapa kwamba si mimi. Akanikatiza: "Najua. Wewe ulikuwa unaimba."

Kwa hiyo, kaka, tunajua. Nilitaka kukutukana, mama akanikataza. Anasema hakuna mtu aliyewahi kulielewa shairi lake kama wewe, na hapo ndipo panapomchoma. Usitume kitu. Usije. Wenzetu bado wanaimba, wakifika kwenye kibwagizo wananyamaza, na Povu hana cha kurekodi.

Msalimie sana wifi, na watoto uwabusu.

Ni mimi,
mtoto pekee wa mama.