Barua ya Rahabu

Mpendwa Wambui,

Nyanya yako, Shosho, anakusalimu; goti lake limepata nafuu. Tumefurahi kwamba wakfu ule unakulipia masomo ya usalama wa mitandao. Unauliza kama nitawaandikia watu wa wakfu kwamba mimi ndiye niliyekufundisha kutunza siri za watu.

Nikiwa kijana huku Rongai, nilikuwa nikiwachukulia majirani barua posta. Siku moja nilifungua ya jirani yetu Rahabu, nikasoma kwamba chuo cha uuguzi kimemkataa, nikawaambia wenzangu. Kesho yake walimpigia kelele sokoni, "Nesi, wamekukataa! Sasa nani atatupima presha?" Ndivyo alivyojua. Barua yake ilikuwa bado mfukoni mwangu.

Katika shajara ya siku hiyo niliandika, "Mvua kidogo." Leo nimeongeza jina lake. Sasa niambie kama bado niwaandikie.

Babu yako, Guka