Kumngojea Neema Mbele

Mama,

Nianze na swali kabla ya salamu, kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Mtu hajavua hata viatu mlangoni, umeshamuuliza ametoka wapi, amekula nini, na nani kamnyoa vibaya hivyo. Basi na mimi nauliza: siku zile tulipokuwa tunatembea kutoka Kivu kuja Uganda, ulikuwa unawaza nini? Mimi nilikuwa nyuma yako. Nakumbuka mgongo, sufuria kichwani, na miguu ya Neema ikining'inia kwenye kikwembe ulichombebea, mmoja huku, mwingine huku. Ile miguu ndiyo niliyokuwa naifuata. Uso wako wa njiani siukumbuki, ila ulipogeuka ukicheka.

Sasa salamu. Huku kambini Nakivale tupo. Mahindi yalikubali, maharagwe yalikataa. Jirani yako Mama Zawadi bado anaomba chumvi, na kwa kuwa hakuna tena wa kumgombeza, siku hizi anakuja na kikombe kikubwa zaidi. Mimi bado naendesha boda pale Base Camp. Neema bado anashona Mbarara, dukani kwa yule Hajati. Hajati alilia kwenye simu aliposikia umefariki, akalia mpaka mimi mfiwa nikaanza kumbembeleza yeye.

Mwaka umeisha, Mama, na matanga yako tumeyaondoa. Ndilo ninalotaka kukueleza, lakini siwezi kulieleza bila kueleza kwanza wazimu wa binti yako.

Ulianza kwenye msiba. Watu walikaa kwenye mikeka, wakaingia kwenye hadithi za njia, unazijua. Nani alivuka mto na mbuzi shingoni, nani alikula mihogo mibichi akaharisha mpaka mpakani. Ikafika zamu ya Neema. Akasema, "Mimi sina. Mimi nilibebwa kama mzigo." Watu wakacheka. Yeye hakucheka, na nilimwona.

Siku ya kuondoa matanga ilipokaribia akanipigia simu mimi kaka yake mkubwa. "Yaya, nitakuja kwa miguu." Nikamuuliza, kutoka pale gari linaposhusha watu? "Hapana, kutoka Mbarara." Nikamuuliza kama Hajati amemfukuza kazi.

Jamani, mtoto huyu kamrithi nani? Si wewe uliyekuwa unapanda boda kwenda bombani kuchota maji? Tulipofika hapa ulisema miguu yako imemaliza kazi yake, na kweli, hata kanisani nilikuwa nakupeleka, na wewe huko nyuma unanifinya mbavu, polepole, polepole. Lakini Neema alikuwa na masharti. Hapandi chombo chochote, hata kwa kilima kimoja, maana akipanda itakuwa amebebwa tena. Mimi nichukue pikipiki, nibebe maji, chakula na nguo zake. Na ibada isianze mpaka afike yeye. Mchungaji akakubali. Nadhani hakuamini.

Basi nikaenda Mbarara, tukaondoka asubuhi. Yeye na raba zake na kile kikwembe chako cha zamani begani, mimi nyuma yake na pikipiki. Mama, kumfuata mtu anayetembea si kazi ya pikipiki. Ukienda mwendo wake injini inachemka, na dereva naye anachemka. Na watu je! Kila tunapopita wanatutazama. Pale Isingiro, mama mmoja muuza ndizi alinisimamia katikati ya njia, mkono kiunoni. "Wewe sebo! Bibi yako natembea kwa miguu, wewe iko juu ya piki? Omba yeye msamaha, apande!" Nikamwambia si mke wangu, ni dada yangu. Akanitazama juu mpaka chini. "Hiyo mbaya zaidi." Neema alicheka akakaa chini. Yule mama akampa ndizi mbivu bure, mimi akaninyima hata ganda.

Chakula nacho nilikosea. Mtu yuko safarini, mimi najua anapewa bugali. Nilikuwa nimefunga bugali na sombe ya majani ya mihogo na vile visamaki vya sambaza, nikamkalisha kando ya njia, nikamsimamia amalize. Alimaliza. Akalala hapo hapo chini ya mikalitusi, na jua likaenda zake. Hajati alikuwa amemfungia tende kwenye karatasi, na mimi nilizicheka, nikasema hicho ni chakula cha mtoto. Tende ndizo zilizomsogeza, Mama. Bugali ilimlaza tu.

Ndipo nikajifunza kutangulia. Naenda mbele mpaka fasi yenye kivuli, nazima pikipiki, nafungua bidon ya maji, namngojea. Akifika anakunywa, ananipa habari, anaendelea. Na habari zenyewe! Kuna ng'ombe mmoja wa pembe ndefu anayefuata wapita njia mpaka mwisho wa shamba, kisha anarudi kama askari aliyemaliza zamu. Kuna nyumba inayonukia kahawa, na haina mkahawa wala duka. Barabara hii naipita kila wiki na abiria, sijawahi kumwona ng'ombe huyo. Nikikaa namngojea nikawa najiuliza, nini kingine nimekuwa nikikipita kasi?

Kila akifika aliuliza, "Bado mbali?" Na mdomo wangu ukajibu wenyewe, bila kuniuliza: "Ni pale tu." Maneno yako, Mama. Ulitudanganya nayo nchi nzima, pale tu, pale tu, na kila tulipofika pale, pale palikuwa pamesogea.

Tulilala Isingiro kwa watu wa kanisa. Siku ya pili lami ikatuacha, tukaingia kwenye vumbi, na mguu wake wa kulia ukakataa. Malengelenge yalipasuka, akavua raba, akavaa kambambili za plastiki, akawa anachechemea. Jua kali. Simu kutoka nyumbani kila saa: batu wamekaa, wali unapoa, mchungaji anauliza. Nikamwambia, Neema, umeshatembea, kila mtu ameona, panda. Akasema, "Yaya, tafazali." Neno hilo moja tu. Akaendelea.

Nikakasirika, sikufichi. Nikasema moyoni, mimi ndiye mkubwa, wewe Mama hupo, neno la mwisho ni langu. Nikatangulia mpaka ile kona ya mwisho kabla ziwa halijaonekana, nikaficha pikipiki nyuma ya kichaka. Nilikuwa nimekwisha kuamua. Akifika nambeba, nampandisha, akikataa namfunga kwa hicho hicho kikwembe. Achukie, atapona. Nikakaa juu ya ukingo na ufunguo mkononi. Kutoka pale unaona njia yote, na anayekuja hakuoni.

Akaja. Alikuwa analia, Mama. Si machozi ya kistaarabu. Analia mdomo wazi kama mtoto, kamasi zinashuka, hatua moja na kilio, hatua moja na kilio. Nikasimama nishuke. Lakini alipokaribia kona, akasimama. Akaigeuzia kona mgongo. Akachukua ncha ya kikwembe, akapangusa macho, akapenga, akangoja kidogo mpaka mabega yatulie. Halafu akageuka, akapinda kona, anacheka. "Yaya! Ni pale tu?"

Nikakaa tena pale ukingoni.

Hivyo ndivyo ulivyokuwa ukifanya. Ulikuwa unasimama mbele yangu umenipa mgongo, unapangusa uso kwa ncha ya kikwembe, unangoja kidogo, ndipo unageuka unacheka. "Bahati, ni pale tu. Papa atatukuta mbele." Na ulijua Papa hatatukuta, baba yetu ulikuwa umemzika wewe mwenyewe. Miaka yote hii nilidhani ni jasho. Nilikuwa nakuhurumia kwa sababu ya jua.

Sasa niambie, nani alimfundisha Neema? Mimi sikumsimulia, maana sikujua nilichokiona. Yeye alikuwa mgongoni, hawezi kuwa ameuona uso wako. Au mtoto akibebwa anasikia kila kitu, hata mabega yanavyotikisika? Nakuuliza kweli. Sina mwingine wa kumuuliza.

Ufunguo niliurudisha mfukoni. Nikampa maji. Nikamwambia, "Ni pale tu." Haikuwa pale tu, yeye alijua na mimi nilijua. Akaondoka, nikamwacha atangulie, na mara hii nikasukuma pikipiki nyuma yake kwa miguu, injini imezimwa, nikitazama visigino vyake.

Alifika. Vigelegele mpaka watu wa Base Camp nadhani walisikia. Mama Zawadi alimkalisha, akamwosha miguu kwa maji ya uvuguvugu na chumvi, tena chumvi yake mwenyewe, aliyoitoa nyumbani kwake. Amini usiamini. Mchungaji akasali, tukaondoa matanga, na watu walipoanza tena hadithi za njia, Neema alikuwa wa kwanza. Akasimulia ng'ombe, akasimulia mama wa ndizi, watu wakalala kwa kicheko. Ile kona hakuisimulia. Wala mimi sikuisimulia.

Anasema mwakani ni zamu yangu. Nitembee mimi, yeye atangulie na pikipiki, aningojee mbele. Ameshaanza kujifunza kuiendesha, na tayari amegonga banda la kuku la Mama Zawadi.

Haya Mama, nakuacha. Nyoosha miguu yako, hapo ulipo hakuna anayekuhimiza. Mwakani nitatembea, hilo nimeshalikubali. Na nakuahidi lingine: nikiifikia ile kona, kama nitakuwa nalia, sitasimama kupangusa uso. Nitapinda nao hivyo hivyo, Neema auone.

Mwanao uliyekuwa ukimwacha nyuma kidogo,
Bahati