Medali Yake na Mudomo Yangu

Siku ya Yenga, Jumapili, kisha misa. Mvua inaanguka toka asubui, ziwa haionekani, na mi roho inanichoma.

Niandike ukweli, kwa sababu hapa hakuna mutu wa familia anasoma: niko na wivu juu ya mudogo yangu, Innocent.

Kila ndoa ya familia, ni mi nasimamaka kuomba muke. Umukwe mukuru, musemaji wa upande wa bwana arusi, ndiyo mimi. Mara nne! Pale Nyundo niliongea mpaka baba ya bibi arusi akasahau jibu yake, hata ng'ombe ya mahari ikaacha kula ikasikiliza. Wananiita Redio.

Leo tumekutana kupanga ndoa ya mutoto mwanaume wa dada yetu. Hata mbele nikohoe nianze kuongea, mama mukubwa Verediana akasema, "Tumupatie Innocent kazi ile. Askari mwenye medali akiomba muke, nani atamukatalia?"

Wote wakapiga makofi.

Innocent ni sajenti. Siku ya vita iliyomupa medali, mara tatu alirudi ndani ya masasi ya bunduki kuvuta wenzake walioumia. Ni kazi ya mwanaume, sikatai. Lakini mi pia nilishafukuza kiboko kule Rubona, na hakuna mutu alinivalisha kitu. Wanasema ziwa Kivu haina kiboko. Bon, haina kwa sababu nilimufukuza.

Innocent akaangalia chini. "Mama, mi sijui kuongea. Yaya, mukubwa yangu huyu, ndiye anajua. Aombe yeye."

"Haya, Redio aongee," mama mukubwa akasema. "Lakini we utavaa medali, ukae mbele wakuone. Na ye awaeleze namna uliipata."

Donc mudomo ni yangu, macho yote ni kwake.

Ningefurahi. Amenirudishia kiti yangu mbele ya watu, na hata hakunicheka. Ndiyo inaniuma zaidi. Angejivuna kidogo tu, ningejua namna ya kumujibu.

Nimeanza kuandika hotuba. Mustari ya kwanza: mudogo yangu alirudi ndani ya masasi. Ya pili: na mi nilikuwa pembeni yake.

Sikukuwa. Siku ile nilikuwa Grande Barrière, kwenye foleni ya kuvuka mupaka, na mufuko ya vitunguu kichwani.

Nimefuta. Nimeandika tena. Nimefuta.

Siku ya Posho, Jumamosi, nitasimama mbele ya wakwe. Nitaweza kweli kueleza habari yake, toka mwanzo mpaka mwisho, bila mi kuwa ndani?