Siku Tuliyorudi Kutoka Ng'ambo ya Mto Kagera

Laurel, 9 Mei 2004. Leo natimiza miaka mitatu na miezi miwili tangu niondoke nyumbani kuja huku ughaibuni.

Mjukuu wangu Koku,

Shikamoo yako imefika, marahaba sana. Mimi mzima, ila mgongo umechoka na kubeba maboksi. Shangazi yako amejifungua mtoto wa kike, na hapa tunagombania kumpakata.

Umeuliza ilikuwaje siku tuliyorudi kijijini, baada ya kufukuzwa wanajeshi wa Uganda waliotuvamia na kukaa kwetu kama kwao. Mabaya yao nayaacha. Mimi na mama tulikuwa tumekimbilia ng'ambo ya Mto Kagera. Baba alikataa kuiacha nyumba, na wiki zote zile hatukujua kama yu hai.

Tulipofika uani, mlango haupo, ng'ombe hawapo. Mama akaita. Baba akatokea migombani, amekonda, ndevu zimemjaa. Nikakimbia nimkumbatie.

"Subiri! Mgeni hapokelewi mikono mitupu."

Baba akafukua kikopo chini ya mgomba, akatugawia kahawa ya kutafuna, kama desturi yetu Wahaya.

Mama akacheka huku analia. "Baba Mugisha, mimi mgeni? Hapa kwangu?"

"Umechelewa mno, mke wangu. Tafuna kwanza, ndipo unigombeze."

Tukatafuna, tukicheka kama wehu. Nikaona kwamba nyumba haikuwa na mlango, lakini ilikuwa na mwenyewe.

Mwambie bibi yako nitafika Desemba, wiki moja kabla ya Krismasi, na safari hii sirudi tena huku.

Babu yako,
Mugisha