Mwaka wa Shayiri Bwawani Piégu

Tours, 4 Machi

Bibi Léontine, mke wangu wa kwanza,

Shikamoo. Magoti yanasemaje na baridi hii? Mbuzi wamezaa? Ghislaine, jirani mwema, ukimsomea barua hii paza sauti. Atasema hasikii, kumbe anataka usome mara mbili.

Mimi sijambo. Nina ombi. Wenzangu wa hapa karakana ya baiskeli wanataka niwachoree njia ya kuendesha huko kwetu, ipite misituni na kwenye mabwawa. Lami hawaitaki, wanaikwepa kama wewe unavyomkwepa daktari wa meno. Wanataka changarawe, udongo, mizizi, vumbi la kula. Ramani ninazo, lakini ramani hazijui ulikopita ukichunga ng'ombe. Niambie yote, kuanzia mlangoni kwako mpaka kurudi mlangoni kwako. Usiruke kitu hata kama unaona ni upuuzi.

Mjukuu wako,
Basile

Piégu, 13 Machi

Mume wangu mdogo,

Marahaba. Magoti yapo palepale, yanakusalimu. Mbuzi wamezaa sita, na mmoja mweusi ana kelele kama zako ulipokuwa mchanga. Kalamu ni ya Ghislaine, maneno ni yangu. Nimemkataza kuyapamba.

Haya, panda hiyo baiskeli. Ukitoka mlangoni shika kushoto, pita juu ya tuta la bwawa letu. Usijifanye shujaa hapo, panya wakubwa wa maji wamelichimba lote, gurudumu likizama utaokota meno. Tuta likiisha utaona miti miwili ya mialoni imeegemeana kama walevi. Watu wa mjini hufuata njia pana. Wewe ingia ile nyembamba. Ni njia ya wachoma makaa, baba yangu aliipita na mkokoteni, na changarawe yake ni nyekundu mpaka inachafua soksi. Msitu unakufunika, unasikia tu ndege gogota akigonga miti. Ukitokea kwenye mwanga ujue umefika bwawa refu, lile la korongo wanaosimama kama wazee wanaongoja mlango wa kanisa ufunguliwe.

Kilima cha mawe mekundu utakipanda kwa mguu ukisukuma baiskeli, usinidanganye. Juu yake kuna chemchemi, kunywa. Shuka polepole mpaka kwa Marcelin. Mbwa wake hana meno, anabweka tu kama mwenyewe. Pita nyuma ya zizi, ufuate harufu ya mbuzi wangu. Nitakuwa nimekuwekea jibini na mkate wa viazi.

Shule nilinyimwa kwa ajili ya ng'ombe. Basi angalau ng'ombe hao wamekufaa.

Nakungoja. Na ule.

Bibi yako

Tours, 20 Juni

Bibi kipenzi,

Shikamoo, na samahani kwa kimya. Unaendeleaje? Kikohozi cha Pasaka kimeisha?

Nimeipita njia yako! Nilikuja Jumanne, lakini nilikuta mlango umefungwa, nadhani ulikuwa sokoni. Sikuweza kungoja, wenzangu walikuwa mbele. Bibi, njia ni tamu. Nilisimama juu ya tuta nikalitazama bwawa letu, maji yamejaa hadi ukingoni, wale samaki wetu wa kapu wanaruka, na bata wamewapanga watoto mstari. Kilima nilikipanda kwa mguu, umeshinda.

Njia nimeshaiweka kwenye simu za wenzangu. Watakuja wengi. Wape maji, usiwatukane sana.

Mjukuu wako,
Basile

Piégu, 2 Julai

Basile,

Sijambo. Leo sikuulizi hali kwa mazoea, nakuuliza kwa sababu nataka kujua.

Maji gani uliyoyaona?

Bwawa la Piégu halina maji. Lilifunguliwa kizibo mwezi wa pili, tukavua kapu wote, na Marcelin akapanda shayiri ndani yake. Ni mwaka wa nane, mwaka wa kulikausha lipumzike. Sikukuandikia kwa sababu mtoto wa hapa haambiwi, anahesabu mwenyewe. Mara ya mwisho ulikuwa na miaka kumi na tisa, ukaendesha baiskeli katikati ya shayiri hiyo, Marcelin akakufukuza na uma wa nyasi. Shayiri sasa imenifika kiunoni. Bata wako waliogelea wapi?

Ghislaine ananiambia nikuandikie taratibu. Mimi sina taratibu.

Jumanne hiyo nilikuwa nyumbani siku nzima nakamua mbuzi. Na wiki iliyopita wamekuja wenzako watano na nguo zao za kubana, wananuka jasho, watoto wazuri. Niliwapa jibini. Nikawauliza, "Basile wangu yuko wapi, mbona hayupo nanyi?" Wanne wakaanza kukagua matairi ambayo hayakuwa na tatizo lolote. Yule binti mwenye kofia ya zambarau akasema, "Bibi, si juu yangu kusema," kisha akalia ndani ya kikombe changu cha maji.

Nilikulea tangu ulipokuwa na miaka minne, mama yako alipofariki. Nakujua ukisema uongo, unaongeza wanyama. Niambie.

Bibi yako

Tours, 19 Agosti

Bibi,

Shikamoo. Barua hii nimeianza mara sita. Natumaini umekaa kitini na Ghislaine yuko karibu yako.

Sijaendesha baiskeli tangu Februari. Nina saratani kwenye mfupa wa paja. Nilipokuomba njia nilikuwa nimeshaambiwa nitalazwa, nikataka kitu cha kwenda nacho. Mwezi wa nne walinikata mguu wa kulia juu ya goti. Walidhani wamemaliza. Hawakumaliza. Sasa iko mapafuni.

Kila asubuhi kabla ya dawa nafungua barua yako, naanza mlangoni kwako, napita kwenye tuta polepole kama ulivyosema. Siku mbaya naishia kwenye mialoni. Siku nzuri nafika hadi kwa Marcelin. Sijawahi kufika kwenye jibini, huwa nasinzia.

Maji niliyaweka mimi, kwa sababu ndivyo ninavyolikumbuka. Sikuhesabu miaka. Nilikuwa nahesabu vitu vingine.

Nisamehe.

Mjukuu wako,
Basile

Piégu, 23 Agosti

Mume wangu, mtoto wangu,

Ghislaine alisoma mara moja tu. Sikumwomba arudie.

Mpumbavu wewe. Mpumbavu mkubwa. Miezi sita! Mimi huku nagombana na mbuzi, na wewe unakatwa mguu kama mti, umelala mwendo wa saa moja na nusu tu kutoka hapa. Ulifikiri nitavunjika? Nimezika mume, nimezika binti, nimevua kapu kwenye barafu nikiwa na mimba ya mama yako. Mimi sivunjiki. Nilichokosa ni kuambiwa.

Basi. Nimekwisha kufoka.

Alhamisi nakuja. Ghislaine ana gari. Nitakuletea jibini, na wauguzi wakikataa nitawaonyesha mimi ni nani. Hutaki kuongea, tusiongee. Nitakaa tu nikutazame, hiyo haina dawa wala haikatazwi.

Bibi yako

Tours, 27 Agosti

Bibi,

Usije. Tafadhali.

Sina nywele, sina nyama, meno yamekuwa makubwa usoni. Mwenzangu alinitembelea akatoka kwenda kutapika, anadhani sikumsikia. Wewe ndiye mtu pekee aliyebaki ambaye kichwani mwake mimi bado nina miguu miwili. Niachie hiyo. Ukija nitawaambia wafunge mlango, na sitakusamehe, wala mimi sitajisamehe.

Niahidi hutaingia humu.

Basile

Piégu, 30 Septemba

Mume wangu mdogo,

Mwezi mzima hukuniandikia, nami Alhamisi ile sikuja, sikukusumbua. Hali yangu ni ya mtu anayekula kwa sababu sahani iko mbele yake. Wewe je? Kifua kinakupa nafasi ya kupumua?

Shayiri imevunwa. Marcelin alileta gunia mlangoni bila kusema neno, na yule mtu huwa hanyamazi. Wameshafunga kizibo, sasa tunangoja mvua ilijaze bwawa. Waendesha baiskeli bado wanakuja. Siku hizi hawaulizi njia, wanavua kofia wakifika kwangu, nami nawafokea wazirudishe vichwani wasipate mafua.

Nina jambo la kukiri, maana nilikutukana kwa ajili ya uongo wako na mimi sitaki kuwa mwongo.

Jumatatu nilikuja Tours. Ghislaine alinishusha mbele ya hospitali. Kuna benchi pale, karibu na mahali wanapovutia sigara. Nilikaa kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa. Ulitaka niahidi sitaingia, sikuingia. Nilihesabu madirisha, nikakosea, nikarudia. Muuguzi mmoja mwenye asili ya kisiwa cha Martinique akaja akaniuliza, "Mama, unamsubiri nani?" Nikamwambia, "Mjukuu wangu, lakini hanitaki." Akaniletea kahawa mbaya kabisa. Nikainywa.

Jumatatu ijayo nitakaa tena. Benchi si lako, huwezi kulifunga.

Na sikiliza. Unasema ninayo kichwani miguu yako miwili. Uongo. Nilikubeba kabla hujajua kutembea vizuri, umeniharishia hadi ndani ya viatu. Mimi sijawahi kukupendea miguu.

Bibi yako

Ujumbe kwenye simu ya Ghislaine, 3 Oktoba, saa mbili asubuhi

Dada Ghislaine, tafadhali msomee Bibi sasa hivi, hata kama anakamua. Anayeandika ni muuguzi Josiane, yule wa kahawa mbaya. Basile anasema, mimi naandika, na amenikataza kupamba.

Bibi, shikamoo.

Jumatatu ni mbali. Daktari amepita asubuhi hii, nimemuuliza kuhusu Jumatatu, akakaa kitandani kwangu. Madaktari hawakai.

Nilikuona kwenye benchi. Nilikuona saa zote tano. Nilimwomba Josiane anigeuzie kitanda dirishani, halafu sikuwa na ujasiri wa kumtuma akuite. Nimezitupa saa tano, Bibi, na sikuwa nazo za kutupa.

Mlango uko wazi. Nimewaambia wote. Usibadilishe nguo, usipike, usilete kitu. Usijibu ujumbe huu.

Njoo na harufu yako ya mbuzi, uingie bila kubisha.

Mjukuu wako